Goma haikuuawa na mlima peke yake

Kila mlima wa volkano wa Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, unapolipuka, swali huwa lile lile: hawa watu wa Goma, mji ulio chini yake, mbona hawahami? Linaniudhi. Wahamie wapi? Wengi waliojenga pembezoni mwa mji walifika wakikimbia vita vijijini. Aliyetoroka risasi hawezi kubabaishwa na moshi wa kileleni.

Hatari wanaijua. Lava ya mlima huu ni nyepesi mno, hutiririka kwa kasi. Mwaka 1977 ziwa lote la lava lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Januari 2002 ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakivukia Rwanda.

Kisha ikaja jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021. Watu hawakuonywa, waliona anga limegeuka jekundu, wakajua wenyewe. Walikimbia gizani, wengine wakapotezana na watoto. Takriban 30 walikufa, na si wote walioguswa na moto. Wapo waliokufa kwa ajali barabarani. Wapo waliovuta hewa ya sumu siku zilizofuata, wakikatiza juu ya lava ambayo haijapoa, kwa kuwa barabara ya kwenda Rutshuru ilikuwa imefukiwa.

Kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kipo papo hapo Goma. Ila ufadhili wa Benki ya Dunia ulikoma mwaka 2020, na wanasayansi wakakaa miezi bila hata intaneti ya kupokea taarifa za mitambo yao. Intaneti, jamani!

Kweli, wataalamu waliochunguza baadaye walisema dalili za safari ile zilikuwa hafifu, na huenda hata mitambo kamili isingetoa onyo la mapema. Nakubali. Lakini king'ora, njia zenye alama na mahali pa kuwapokea watu havisubiri utabiri. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi alipoamuru mitaa kumi ihame, umati ulijazana Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, ukalala makanisani na madarasani, maji safi yakiwa ya kugombaniwa. Yaani hata pale amri ilipotoka mapema, hakuna aliyekuwa ameandaa waendako.

Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Anayeishika Goma, awe nani, kazi hiyo ameirithi: alipe mishahara ya OVG, achimbe visima Sake, na afanye hivyo kabla anga haijawa jekundu tena.