Namba E haifanyi gari kuwa jipya

Ukitaka kumjua mnunuzi wa gari dogo hapa Dar es Salaam, sikiliza swali lake la kwanza. Haulizi injini, haulizi gari lilitengenezwa mwaka gani, wala haulizi lilikuwa linafanya kazi gani. Anauliza, "Namba gani?" Anamaanisha herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao cha usajili. Akiambiwa D, anasogea. Akiambiwa C, anaanza kuomba apunguziwe. Akiambiwa B, anaaga kwa adabu na kusema atapiga simu. Na tangu E zijae barabarani, hata D imeanza kuangaliwa kwa jicho la huruma.

Msimamo wangu, ambao vijiweni nimeshausema hadi watu wanahama benchi, ni huu: mwenye milioni kumi, au kumi na mbili akijikamua, anayetafuta IST, Vitz, Passo au Honda Fit iliyotumika, herufi hiyo ndiyo kitu cha mwisho anachopaswa kukilipia.

Herufi inaeleza gari limesajiliwa lini Tanzania, basi. Haielezi limetoka kiwandani lini. IST ya umbo la kwanza, ile ambayo mtaani ikisemwa "IST" ndiyo inayokuja akilini, ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ni ya 2007, iwe imefungwa kibao cha C au cha E. Kwa hiyo unapoona mbili zimeegeshwa pamoja yadi, moja C na nyingine E, na zote ni za 2005, ujue ni pacha. Tofauti yao ni kwamba mmoja alihamia Dar mapema na mwingine alibaki Japani miaka mingi zaidi.

Hapo wapenzi wa E wana hoja, na siwanyimi. Miaka ya Japani si sawa na miaka ya Mbagala. Kule kuna lami, na kuna ukaguzi wa lazima wanaouita shaken: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Gari likifikisha miaka 13, kodi ya uzito inapanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya Wajapani kuyaachia magari ambayo sisi tungeyaita mapya. Ni kweli pia kwamba aliyelitunza Nagoya huenda alimwaga oili kwa wakati. Lakini si Japani yote ni Nagoya. Magari ya Hokkaido na kaskazini hukanyaga barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chuma kwa chini huku rangi ya juu ikimeremeta. Inama uangalie. Dalali hapendi mteja anayeinama.

Sasa njoo kwenye kodi, maana hapa ndipo ninapocheka peke yangu. Tanzania haikatazi gari kuingia kwa sababu ya umri. Inatoza ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na vinginevyo. Yule mwingizaji aliyeleta IST ya 2005 juzi juzi amelipa ushuru huo wa uchakavu kamili, na hawezi kuumeza mwenyewe, ameuweka kwenye bei. Wewe unakuja yadi, unaona E, unafurahi kwamba umepata gari jipya, unalipa. Sehemu ya pesa uliyoongeza kwa ajili ya upya ni adhabu ambayo gari lilitozwa kwa uzee.

Kenya wana kisingizio. Kule gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo herufi za kibao zinamweleza mnunuzi wa Nairobi jambo la maana kuhusu umri. Kwetu hakuna mpaka huo. E inaweza kuwa ya 2016, inaweza kuwa ya 2003. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, na ukiwa na shaka, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho: mara nyingi chini kabisa kuna kilebo chenye mwaka. Mikanda haibadilishwi hovyo.

Kama si namba, basi uangalie nini? Mimi ningeanza na kazi ambayo gari limefanya, na jijini hapa kazi hiyo ni taxi mtandao. Uber iliingia Dar 2016, wengine wakafuata, na magari yaliyobeba mzigo huo ni haya haya madogo. Mengi yalikuwa ya hesabu au ya mkataba: dereva anapeleka fedha kwa mwenye gari kila siku au kila wiki, na kwenye mkataba gari linakuwa lake mwisho wa muda. Dereva wa hesabu hana sababu ya kununua oili nzuri kwa gari la mtu. Dereva wa mkataba anayo sababu, ila naye anakimbizana na siku zake. Sisemi usinunue kamwe gari lililofanya kazi hiyo. Nasema bei yake isiwe sawa na ya gari lililokuwa linapeleka watoto shule, na muuzaji hatakwambia.

Gari lenyewe litakwambia. Angalia kiti cha dereva upande wa mlango, ule ukingo anaousugua kila anapoingia na kutoka. Ukiwa umelika wakati mita inasoma kilometa themanini elfu, mita inadanganya. Angalia raba za pedali. Angalia vishikio vya milango ya nyuma. Gari la familia ya watu watatu halina milango ya nyuma iliyochoka kuliko ya mbele. Kwenye kioo cha mbele tafuta mabaki ya gundi ya stika au alama ya kishikio cha simu. Na kwa kuwa wenye magari wa Dar huchora namba ya usajili kwenye vioo na sait mira kwa kuogopa wezi, zungukia vyote: kioo kimoja kikiwa hakina mchoro na vingine vinao, uliza kilichokivunja kile cha zamani.

Kilometa zenyewe sizipi uzito mkubwa, kwa sababu kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Karatasi ya mnada wa Japani ina maana zaidi, kama muuzaji anayo na namba ya chasisi inalingana. Humo kuna daraja la gari, kuna mchoro wenye alama za mikwaruzo na mabonyeo, na kuna R, ambayo ina maana gari liliwahi kupata ajali likakarabatiwa. Yadi nyingi karatasi hiyo "imepotea". Magari kumi, karatasi kumi, zote zimepotea.

Injini ikute imepoa. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Liwashwe, mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua, na injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST za cc 1500, pamoja na uimara wake wote, ikizeeka hupenda kunywa oili. Fungua rejeta (kabla injini haijapata moto, tafadhali) uone kama kuna kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, au maji ya bomba yenye rangi ya kutu. Maji ya kutu yananiambia habari za mwenye gari kuliko maneno yake yote. Gia ya otomatiki, kanyaga breki uhamishe kutoka N kwenda D, kisha R. Ikichelewa halafu ikapiga teke, ondoka. Zima redio upite kwenye matuta. Na kama gari limenyanyuliwa kwa spesa ili lisigonge chini, jua kwamba ekseli zinafanya kazi kwenye pembe ambayo hazikupangiwa.

Kuhusu gari lipi hasa, nina upendeleo na sitauficha.

IST inasifiwa kupita kiasi, ila sababu moja ya sifa zake ni ya kweli: injini yake ya 1NZ imo pia kwenye Raum, Probox, Fielder, Premio na Allion, hivyo spea zake kwenye maduka ya Gerezani hazikosekani, na fundi wa Tunduma anaijua kama anavyoijua ya Ilala. Unalipia utulivu huo. Vitz na Passo za cc 990 na ushei zinavutia kwa sababu ya mafuta, na pia gari lisilozidi cc 1000 halitozwi ule ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 unaotozwa kuanzia hapo hadi cc 2000. Injini zake nyingi ni za pistoni tatu. Zikiwa sailensi zinatetemeka kidogo, na wapo watu waliobadilishiwa mauntingi (raba zinazoshikilia injini) nzima kabisa kwa kutojua hilo. Mjini ni gari zuri mno. Lakini lijaze watu wanne na mabegi, uwashe AC, kisha uelekee Mlima Kitonga, utajifunza uvumilivu nyuma ya semi. Kama kila Desemba lazima ukahesabiwe Moshi na familia nzima, chukua ya cc 1300.

Honda Fit ndiyo inayoonewa. Watu wanaikimbia kwa sababu Fit ya umbo la kwanza yenye injini ya i-DSI ina plagi nane, mbili kwa kila pistoni, na kwa sababu ya gia boksi ya CVT, otomatiki inayotumia mkanda. Plagi nane ni gharama, sawa, ila si gharama ya kila mwezi. CVT hufa zaidi kwa kumwagiwa oili ambayo si yake. Fundi wa "oili zote ni moja" ndiye aliyeiharibia jina. Kwa kuwa inaogopwa, bei yake inashuka. Halafu tangi la mafuta wameliweka chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vinalala bapa kabisa na unapata nafasi ambayo IST haina. Mwenye duka Manzese anayebeba mzigo wake mwenyewe, na ambaye ana fundi anayeijua Honda, mimi ningemwelekeza huko bila kusita. Asiye na fundi wa aina hiyo abaki Toyota. Demio iko katikati ya maelezo haya. Starlet niiache ipumzike. Uzalishaji wa ile ya zamani ya Japani uliisha 1999.

Karatasi nazo zina mitego yake. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari ilingane na kadi, herufi kwa herufi. Kadi uione kwa macho, ya asili, siyo picha ya WhatsApp, kwa sababu siku hizi watu wanakopa kwa dhamana ya kadi, na "kadi iko kwa ndugu yangu Kibaha" huwa ni mkopeshaji. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujatoa hela. Andikishaneni mkataba mbele ya mwanasheria, mkahamishe umiliki TRA mara moja. Wengi huendelea kutembea na kadi yenye jina la mtu wa tatu nyuma, mwisho anahama au anafariki, na hapo unaanza kutafuta warithi kwa ajili ya gari uliloshalipia.

Inabaki hoja moja ambayo huwa natupiwa: "Na wewe ukija kuliuza?" Kweli, mnunuzi wako naye atauliza namba gani. Tufanye hesabu ya mfano. Wewe umechukua C ya 2005 kwa milioni tisa, mwenzako kachukua E ya 2005 kwa milioni kumi na nne. Miaka minne baadaye F zitakuwa zimeanza kutoka au zinakaribia, na E yake itapunguziwa kama D inavyopunguziwa leo. Ya kwako ilishashuka mikononi mwa mtu mwingine, haina tena pa kuporomokea sana. Zile milioni tano hazijapotea kwako pia: zimenunua matairi manne (soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, usikubali "mapya" ya miaka sita), shokapu zote, bushi, rejeta na oili ya gia, na hapo hujafika nusu yake.