Apimwe Kumeza Kabla Hajapewa Uji

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, wodi za Dar hujaa hotipoti. Ndugu wametoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, wamebadili daladala mbili na chupa ya chai mkononi, na wote wanataka jambo moja: mgonjwa wao ale. Mimi ni muuguzi. Nimehudumia wagonjwa wa kiharusi wodini na sasa nawafuata wengine majumbani, na msimamo wangu ni huu: mtu aliyepata kiharusi asipewe chochote kwa mdomo, iwe maji, chai, uji au kidonge, mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Apimwe kila mgonjwa, mara tu anapofika na kupata fahamu za kutosha, kwa kawaida ile ile tunayopimia presha.

Kumeza tunakufanya bila kufikiri, lakini ni kazi nzito. Misuli zaidi ya 30 na neva kadhaa zinazotoka kwenye ubongo hushirikiana, na kinywaji kinapopita kooni njia ya hewa hujifunga kwa muda usiozidi sekunde moja hivi, kisha hufunguka. Kiharusi kikivuruga mpangilio huo, kinachomezwa kinaingia njia ya hewa na kushuka mapafuni. Tafiti zinaonyesha kwamba wagonjwa wapya wa kiharusi wakipimwa kitandani kwa makini, karibu nusu yao wanakutwa na shida ya kumeza, na wenye shida hiyo wanapata nimonia takriban mara tatu zaidi ya wenzao. Mkono uliolegea kila mtu anauona. Koo lililolegea halionekani. Baada ya siku chache mgonjwa anapandisha homa, anahema, anaanzishiwa dawa za nimonia, na akifariki watu msibani wanasema presha ndiyo iliyomchukua.

Na hapa kwetu wagonjwa hawa si wachache. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulilinganisha wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 hapa Dar.

Linalowashangaza ndugu wengi ni kwamba cha kuogopwa zaidi ni maji. "Sista, si maji tu, alowanishe koo." Maji ni mepesi, yanakimbia, yanafika kooni kabla njia ya hewa haijajifunga. Chai ni hivyo hivyo, dafu ni hivyo hivyo, na juisi ya kopo iliyonunuliwa getini pamoja na mrija wake ni hivyo hivyo. Kwenye joto la Dar, kumnyima mtu maji kunaonekana ni ukatili, na mimi siwalaumu wanaolalamika. Nalaumu utaratibu wetu. Tunabandika karatasi juu ya kitanda kwamba asipewe kitu kwa mdomo, kisha hakuna anayekaa na mke au mtoto wa mgonjwa dakika tano kueleza kwa nini, na marufuku hiyo itaisha lini. Mtu asiyeelezwa atasubiri muuguzi ageuke, atampa mgonjwa wake vijiko viwili vya uji. Atafanya hivyo kwa upendo.

Kipimo chenyewe kinahitaji kikombe, kijiko cha chai, maji safi na muuguzi aliyefundishwa. Mgonjwa awe macho na aweze kukaa wima. Safisha kinywa kwanza. Mwambie akohoe, mwambie aseme "aaa", usikilize sauti yake ilivyo kabla ya kumpa kitu. Mpe kijiko kimoja cha chai cha maji huku vidole vyako vikiwa vimegusa koromeo kwa wepesi, usikie likipanda na kushuka. Subiri. Asiposumbuka, rudia mara mbili, kisha mpe kikombe anywe kidogo kidogo. Akikohoa, akipaliwa, akibadilika pumzi, au sauti ikawa ya majimaji kama ya mtu anayesukutua, simama hapo hapo. Asipewe kitu mpaka mtaalamu amwone au apimwe upya.

Bado nakutana na wenzangu, madaktari kwa wauguzi, wanaogusa nyuma ya koo kwa kijiti na mgonjwa akishtuka kama anataka kutapika wanasema koo lake ni zima. Hicho si kipimo cha kumeza. Wapo watu wenye afya kamili ambao hawashtuki hata ukiwagusa, na wapo wagonjwa wanaoshtuka vizuri sana lakini maji yanawaingia mapafuni. Na hata kipimo cha kijiko kina mpaka wake, kwa sababu wagonjwa wengine hawakohoi kabisa maji yakiingia njia ya hewa. Ndiyo maana aliyefaulu naye aendelee kuangaliwa joto, pumzi na sauti siku zinazofuata.

Nikisema hivi, jibu ninalopewa ni kwamba wataalamu wa matamshi na kumeza nchini ni wachache mno. Ni kweli, na lazima wasomeshwe zaidi. Lakini kazi ya kuchuja nani yuko salama na nani hayuko haihitaji kumsubiri mtaalamu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka vitengo 19 vya kiharusi katika jimbo la New South Wales, Australia. Wauguzi katika baadhi ya vitengo walifuata utaratibu wa mambo matatu siku za mwanzo: kudhibiti homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza. Baada ya siku 90, waliokuwa wamefariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 kwenye vitengo hivyo, dhidi ya asilimia 58 kwenye vitengo vingine. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya pale. Kipimajoto tunacho, cha sukari tunacho, na kijiko kipo.

Akishindwa kumeza, basi mpira wa puani. Hapa napo pana vita. Mitaani mpira umepewa sifa ya mwisho wa safari: "wakishamwekea mpira, ndiyo basi tena." Nimeona familia zikimchukua mgonjwa nyumbani kuukimbia. Wagonjwa wengi hurudisha uwezo wa kumeza ndani ya wiki za mwanzo, na mpira unampitisha kipindi hicho akiwa na nguvu, maji mwilini na dawa zake. Ni wa muda. Kinachotakiwa ni kumpima tena na tena ili utolewe wakati wake ukifika, na hilo ndilo tunalolisahau: mpira unawekwa siku ya pili, halafu hakuna anayeuliza tena habari ya koo.

Mwaka huu nilimtembelea mzee mmoja Temeke, ameshatoka hospitali, binti yake ndiye anayemuuguza. "Shikamoo baba." Aliitikia, na ile marahaba yake ikatoka na maji ndani. Alikuwa amelazwa chali kwenye mito miwili na binti alikuwa anamlisha uji kwa kijiko kikubwa, haraka haraka, kabla haujapoa. Nilivaa glavu, nikapitisha kidole kwenye shavu la upande uliopooza, nikatoa ugali. Ugali wa mchana, na ilikuwa jioni. Hakujua kama upo, upande ule hausikii. Tulimkalisha kwenye kiti, mgongo wima, miguu chini, redio ikazimwa. Kijiko cha chai, nusu kijiko kwa mara moja, kiwekwe upande mzima wa mdomo, ameze, ameze tena, ndipo kije kingine. Bakuli dogo lilichukua zaidi ya nusu saa. Akakohoa mara moja tu, na baada ya kula akabaki amekaa nusu saa nyingine kabla ya kulala. Binti aliniambia, "Sista, pale hospitali walinipa vidonge na tarehe ya kliniki. Kulisha hakuna aliyenionyesha."

Kwa vyakula, sisi tuna bahati. Poda za kufanyia maji yawe mazito ni za kuagiza na ni ghali, lakini jiko la Mswahili limejaa vitu laini vyenye uzito: mtori uliopondwa ukalainika, uji wa ulezi, parachichi, papai bivu, mtindi, viazi vilivyosagwa na mchuzi wake. Kinachosumbua ni chakula cha aina mbili kwa pamoja, kwa mfano supu yenye vipande vya nyama, au mkate uliochovywa kwenye chai, kwa kuwa maji yanatangulia wakati mtu bado anatafuna. Wali mkavu unatawanyika mdomoni. Chungwa linamwaga maji ghafla. Uji nao una ujanja wake: unakuwa mzito ukipoa, na mate yakichanganyika nao unakuwa mwepesi, kwa hiyo toa kidogo kwenye bakuli, usirudishe kijiko cha mgonjwa kwenye chombo kikubwa. Kama huna hakika na uzito, chukua sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano, toa kisukumio chake, ziba mdomo wake kwa kidole, jaza uji usio na mabonge, kisha achia kwa sekunde 10. Ukitoka wote, huo ni sawa na maji. Uzito gani unamfaa mgonjwa wako, aliyempima ndiye aseme.

Vidonge visisagwe ovyo. Vidonge vya presha vya kutoa dawa taratibu, zikiwemo nifedipini za aina hiyo, vikisagwa dawa yote inaingia mwilini kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka. Muulize mfamasia kwanza, mara nyingi kuna dawa mbadala.

Na mswaki. Nalisema hili kila nyumba ninayoingia. Watu hudhani asiyekula kwa mdomo hahitaji kupigwa mswaki, kumbe yeye ndiye anauhitaji zaidi, maana bakteria wanaojaa kwenye kinywa kichafu hushuka na mate hadi mapafuni hata kama hajala kitu. Asubuhi, jioni, na baada ya kila mlo, na aliye na mpira pia.

Koo lina mazoezi yake kama mguu ulivyo na mazoezi yake. Kumeza kwa nguvu, kusukuma ulimi juu kwenye kaakaa, kubana taulo lililokunjwa kati ya kidevu na kifua kisha kuachia. Kuinamisha kidevu wakati wa kumeza kunawasaidia baadhi, wengine hapana, kwa hiyo mtaalamu aone kwanza kinachomfaa huyu na asichokiweza. Lakini yafanywe kila siku. Mgonjwa anayepelekwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki na hajawahi kuulizwa anameza vipi, amehudumiwa nusu.

Ninachokiomba kwa waganga wafawidhi wa hospitali zetu za jiji ni mistari miwili kwenye karatasi. Wa kwanza kwenye fomu ya kupokea mgonjwa, pembeni ya presha na sukari: kumeza kumepimwa saa ngapi, na nani, matokeo gani. Wa pili kwenye fomu ya ruhusa: jina la ndugu atakayemlisha nyumbani, na sahihi ya muuguzi aliyemtazama ndugu huyo akimlisha mlo mzima pale wodini. Kabla ya kusaini, amwambie pia kwamba sauti ikianza kuwa ya majimaji, au homa ikipanda, au mgonjwa akianza kuhema, wasisubiri tarehe ya kliniki. Wamrudishe siku hiyo hiyo.