Viatu vya Mshenga

Muuza viatu wa Kariakoo akikwambia "vaa tu, vitapanuka," msikilize vizuri. Hajasema ni nini kitakachopanuka.

Nilikuwa nimeteuliwa mshenga. Binamu yangu alikuwa anaposa Magomeni, na kwa kuwa wazee wetu wenye maneno mazito wako Muheza na magoti hayawaruhusu safari, maneno mazito nikabebeshwa mimi. Kanzu ninayo. Koti la mjomba likanikaa vizuri mabegani. Ikabaki miguu. Nilipendekeza makubazi, maana kanzu na makubazi ni vitu vilivyozaliwa pamoja. Bwana harusi mtarajiwa akakataa katakata.

"Wale watu wa mjini, binamu. Wanaanza kukusoma kutokea chini."

Akatoa nusu ya hela, nusu nikaongeza, nikadamkia Mtaa wa Kongo. Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kununua kiatu. Mguu umelala usiku kucha, umenywea, una adabu zake. Mguu wa saa mbili asubuhi na mguu wa saa kumi jioni katika joto la Dar ni ndugu tu, si mtu mmoja. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana ana bashasha asubuhi. Mimi navaa 43. Akasema 43 zimeisha, ila 42 yake ya Kiitaliano ni kubwa kuliko 43 za wengine. Nikajaribu, kidole gumba kikagonga ukuta.

"Ngozi halisi hiyo kaka. Vaa tu, vitapanuka."

Nyumbani nilivitembeza kutoka kitandani hadi mlangoni, visigino vikawaka moto. Mpangaji mwenzangu, fundi simu ambaye elimu yake yote ameipata mtandaoni, akanipa dawa: tia maji kwenye mfuko wa nailoni, funga vizuri, sokomeza ndani ya kiatu, weka kwenye friza. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo barafu itakisukuma kiatu kwa ndani, taratibu, usiku kucha. Kwenye sayansi sikuwa na pingamizi. Shida ilikuwa friza.

Friza pale nyumbani ni moja tu, ya mama mwenye nyumba, na ile si friza, ni ofisi. Upande mmoja vibua, upande wa pili barafu za ukwaju anazowauzia watoto wa mtaa.

"Shikamoo mama. Naomba nilaze viatu vyangu humo."

"Marahaba. Vinaumwa nini?"

Baada ya maelezo marefu akakubali niviweke upande wa vibua. Ule wa barafu, alisema, ni wa wateja.

Asubuhi kiatu cha kushoto kilikuwa kitupu. Mjukuu wake, aliyeachiwa biashara kidogo bibi akiwa anafagia uwanja, aliona barafu imelala ndani ya kiatu, naye hakujiuliza mengi, akaiuza. Mteja, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amesharudi kulalamika kwamba haina ukwaju. Bibi akamrudishia hela yake, deni akaniandikia mimi.

Cha kulia kilikaa na barafu yake mpaka mwisho, na matunda yake niliyaona nilipokitoa juani. Juu ya kidole gumba palikuwa na ufa mwembamba, na pembeni ya ufa rangi nyeusi inabanduka vipande vipande, chini yake kitambaa cheupe. Nikakimbilia kwa fundi viatu chini ya mwarobaini. Akakikunja. Akakinusa. Akakinusa tena.

"Hii siyo ngozi, mjomba. Ngozi hupanuka, hii hupasuka." Akanyamaza kidogo. "Na mbona kinanuka kibua?"

Alikuwa mtu wa maana, lakini. Alipaka rangi palipobanduka, akanipa na masharti. Sugua mshumaa kwenye ukingo wa nyuma, kwa ndani, pateleze. Bandika plasta kabla hujatoka, usisubiri uchubuke. Vaa soksi nene na kavu, maana ngozi yenye jasho huchubuka upesi. Lengelenge ni ngozi ya juu imeachana na ya chini kwa kusuguliwa, maji yakajaa katikati, likitokea usilitumbue. Na viatu vyenyewe uvivae nyumbani kidogo kidogo, wiki mbili hivi.

"Unavitaka lini?"

"Kesho."

Akacheka sana, akarudi kwenye kazi yake.

Mshumaa ndani sikuwa nao. Nikachukua mafuta ya mgando nikajipaka kwa ukarimu, plasta zikakataa kushika juu ya mafuta, zikaanza kutembeatembea zenyewe ndani ya soksi.

Tukapanda mwendokasi Kimara, mimi na wajomba wawili, tumesimama njia nzima. Kufika Shekilango vidole vilishaacha kulalamika, vimekufa ganzi. Manzese mama mmoja mwenye ndoo akanikanyaga mguu wa kulia. Akaniomba radhi, nami nikamshukuru kwa dhati, maana ndiyo mara ya kwanza maumivu yalihama mahali. Tuliposhuka Magomeni Mapipa na kuingia uchochoroni, kisiginoni mwa kushoto kitu kikatumbuka chenyewe, soksi ikalowa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nyuma yangu paka wawili wananifuata kwa heshima zote.

"Hawa mnafahamiana?" mjomba mkubwa akaniuliza.

Kibarazani tukakuta safu ya kandambili na makubazi. Mlango wazi, mikeka imetandikwa mpaka kizingitini, watu wanavua viatu nje na kuingia. Hakuna aliyekuja kunisoma kutokea chini wala kutokea juu. Nikakaa kwenye baraza nikavivuta, vikatoka kwa mlio. Plasta moja ilikuwa imepanda mpaka inachungulia juu ya soksi.

Ndani nilisema yote niliyofundishwa: tumepita njia, tumeona ua zuri bustanini kwenu. Nilipopiga magoti kumkabidhi mzee wa nyumba barua ya posa, kisigino kikakutana na ukindu wa mkeka, machozi yakanitoka mawili, matatu. Kukawa kimya. Mzee akaipokea bahasha polepole.

"Washenga wa siku hizi wanakuja na mikogo," aliwaambia wenzake. "Huyu ameingia kama anakanyaga mayai, na ameomba kwa machozi. Ametoka kwenye watu, huyu."

Wajomba wangu wakatikisa vichwa, kana kwamba wao ndio walionifunza.

Wakati wa kuondoka miguu ilikuwa imeshavimba kwa jioni, ikakataa kurudi. Shangazi wa bibi harusi akaleta kijiko cha kusukumia kisigino. Kijiko kikapinda. Akakitazama kijiko, akanitazama mimi, akaingia ndani akatoka na kandambili za chooni, moja ya bluu na moja ya kijani, zote mbili za mguu wa kushoto. Nikapanda nazo mwendokasi, kanzu na koti, abiria wananipisha kwa sababu wanazozijua wao.

Posa ilikubaliwa. Jibu likaja limeandikwa vizuri, kila kitu kwenye mstari wake: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, palikuwa na nyongeza. Mshenga afuate viatu vyake haraka, paka wamehamia kibarazani. Na aje na kandambili zetu, watu wanaingia chooni kwa kupokezana.