"Nimeirithi kwa Baba, Sijui Njia Bora Kuliko Hiyo"

Mwaka 1815 kamati ya Bunge la Uingereza ilimhoji Daktari Thomas Monro, tabibu wa Bethlem, hospitali ya wagonjwa wa akili ya London. Unawatibu vipi wagonjwa wako? Akaeleza wazi. Mwishoni mwa Mei, kwa kutegemea hali ya hewa, wagonjwa hutolewa damu. Kisha hupewa dawa ya kutapisha mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na baadaye dawa ya kuharisha. Majira ya baridi hawapewi dawa, maana nyumba yenyewe ina baridi kali mno. Na kwa nini iwe hivyo? Akajibu kwamba ndiyo desturi ya miaka mingi, ameirithi kwa baba yake, wala hajui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi na bado linanisisimua mwili. Wengi wakisimulia habari za matabibu wa zamani huwachora kama makatili waliofurahia kutesa. Mimi sikubaliani. Monro alikuwa msomi, na baba yake na babu yake walishika kazi ileile palepale Bethlem. Alipenda sana sanaa. Wachoraji vijana, akiwemo Turner kabla hajapata jina, walikuwa wakienda nyumbani kwake jioni kunakili picha, naye akiwalipa kidogo na kuwapa chakula cha usiku. Huyo si mtu asiye na moyo. Na bado mtu huyuhuyu alikuwa akiandika damu itolewe kwa watu wengi kwa mpigo, msimu ukifika, kama vile wote wana ugonjwa mmoja.

Elimu aliyoitumia ilikuwa ya kale sana. Wayunani walifundisha kwamba mwili una maji ya aina nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakizidiana, mtu anaugua, na nyongo nyeusi ikimzidi anakuwa mtu wa huzuni na woga. Waarabu waliipokea elimu hiyo, wakaiendeleza, na hata sisi watu wa pwani ilitufikia. Maneno yetu balghamu na safura ni masalio yake. Kwa hiyo kumuumika mgonjwa, kumtapisha na kumharisha kulikuwa na mantiki yake: unapunguza kilichozidi. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuuliza kama mgonjwa amepata nafuu.

Hata ufalme haukumwokoa mtu. Mwaka 1788 Mfalme George III alirukwa na akili, akawa anaongea saa nyingi mfululizo bila kunyamaza. Madaktari wake walimpaka miguuni dawa za kuchoma ngozi, haradali ikiwamo, ili malengelenge yatoe uchafu nje. Walimbandika ruba kwenye panja za kichwa. Kasisi mmoja aliyekuwa pia tabibu, Francis Willis, aliletwa mwezi Desemba, akaja na koti la kufunga mikono na kiti cha kumfungia mgonjwa. Mfalme mwenyewe alikiita kile kiti "kiti cha kutawazwa". Februari 1789 alipona, Willis akapewa malipo ya paundi 1,000 kwa mwaka, na dunia ikaamini kwamba kiti ndicho kilichoponya. Baadaye ugonjwa ulirudi, na kuanzia 1811 mwanawe alitawala kwa niaba yake. Mwaka 2005 wanasayansi walipima nywele za mfalme wakakuta sumu ya arseniki kwa wingi. Wakadhani iliingia mwilini kupitia dawa za antimoni, madini ambayo huweza kuchanganyika na arseniki, alizokuwa akipewa ili apone.

Sasa nije kwa mtu ninayemheshimu zaidi katika habari hizi. Mwaka 1790 Hannah Mills, mjane wa dhehebu la Kikristo la Kwekwa, alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji wa York baada ya wiki chache tu. Wenzake wa dhehebu walikuwa wameomba kumwona, wakakataliwa. William Tuke, mfanyabiashara wa chai na kahawa, aliguswa na kifo hicho, akachangisha fedha, na mwaka 1796 wakafungua nyumba yao wenyewe nje ya mji, wakaiita Retreat. Vyuma vya madirishani vilitengenezwa vifanane na fremu za kawaida, ili mgonjwa asijione gerezani. Uani kulikuwa na sungura na kuku. Aliyekosa usingizi alipewa chakula cha usiku cha kutosha, nyama, mkate, jibini na pombe, badala ya afyuni.

Daktari wao wa kwanza, Thomas Fowler, ndiye aliyetengeneza dawa ya matone ya arseniki iliyobeba jina lake. Mtu aliyeamini dawa, basi, tena sana. Alianza kwa kujaribu zilezile za siku zote. Tofauti yake na Monro ni kwamba aliangalia matokeo, na akakubali kwamba dawa alizozijua zilisaidia kidogo sana, ila kuogeshwa maji ya moto kwa wenye huzuni. Kwa daktari, kusema hivyo mbele ya muuza chai si jambo dogo.

Siku moja aliletwa pale mtu wa miaka 34 hivi, jitu la miraba minne, mwenye minyororo. Alikuwa amefungwa muda mrefu kiasi kwamba nguo zake zilishonwa kwa kamba, zipate kuvuliwa bila kufungua pingu. Walimfungua mlangoni, wakamwingiza chumba ambamo wasimamizi walikuwa wanakula chakula cha usiku. Akatulia. Baada ya miezi minne hivi alitoka akiwa mzima. Sisemi Retreat ilikuwa paradiso, maana hata huko waliozidi kuchafuka walifungwa. Lakini huko Bethlem, wakati huohuo, baharia Mmarekani aitwaye Norris alikaa takriban miaka kumi na pete ya chuma shingoni, akiwa amefungwa kwenye nguzo. Waliomkuta mwaka 1814 walimkuta anasoma magazeti.

Naandika haya kwa sababu nililisikia jibu la Monro kwa masikio yangu. Mjomba wangu alipougua, miaka ya tisini, alianza kwa kufungwa kamba kwenye mnazi uani. Baadaye alipelekwa hospitali, akawa anachomwa sindano ileile miezi na miezi, shingo imekakamaa, mate yanamtoka. Baba alimwuliza mhudumu kama hakuna njia nyingine. Akajibiwa: "Mzee, hapa ndivyo tunavyofanya siku zote."

Bibi hakuwa na dawa. Kila magharibi, kabla mjomba hajapelekwa hospitali na hata aliporudi, alikuwa akimfungua mikono, anamnawisha, kisha wanakula wali kwa samaki kwenye sinia moja. Na wakiwa wanakula alikuwa akimwuliza kama kusi imeshaanza. Mjomba alikuwa mvuvi. Anatazama juu kwenye makuti kidogo, halafu anamjibu.