Boko Liko Wapi?

Jumapili jioni tulikuwa Dunga, hapa Kisumu, mimi na wanangu wawili, tumekaa ukingoni mwa ziwa tukisubiri ngege wetu akaangwe. Mvuvi mmoja akatuonyesha kwa kidole upande wa mafunjo. Yalionekana kwanza masikio mawili na pua, kisha mgongo ukainuka, mweusi, unang'aa kama sufuria iliyofudikizwa. Watoto wakaning'ang'ania gauni. Yule wa miaka minne akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akauliza:

"Mama, kama hiki ni kiboko, boko liko wapi?"

Nilielewa hofu yake kabla sijalielewa swali. Kwake yeye kijiji ni mji mdogo na kijitabu ni kitabu kidogo. Sasa mnyama mwenyewe huyu, ambaye dume lake huweza kupita kilo 1,500, akiwa ni kiboko tu, basi mkubwa bado yuko chini ya maji na anaweza kuibuka wakati wowote.

Meza ya jirani walicheka sana. Mimi kicheko kilinifika kooni nikakimeza, nikamwambia boko hakuna, huyo ndiye mkubwa, ni jina lake tu limeanza hivyo. Aliitikia kwa kichwa, ila macho hayakuyaacha maji.

Maneno kama hayo tunayaita vichekesho vya watoto, na kweli yanachekesha. Lakini mimi naona tunayacheka haraka mno. Hakuna aliyemkalisha huyu mtoto akamfundisha ngeli. Hata gredi ya kwanza hajafika. Amesikiliza tu, mgongoni kwangu sokoni Kibuye, ndani ya tuktuk, mlangoni tukiongea na majirani, akapanga kanuni peke yake kichwani, kisha akaitumia pale ambapo sisi wakubwa hatukuwahi kufikiria kuitumia.

Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe alichokibuni na kukiita wug, kisha akaongeza wa pili na kuwaachia wao wamalizie sentensi. Watoto wakalitia neno hilo katika wingi, neno ambalo hawakuwahi kulisikia popote. Nikajaribu jambo hilo kwangu siku ya chapati. Nilifinyanga donge la unga, nikalitia masikio matatu, nikasema hiki ni kimwege. Nikafinyanga jingine, nikaliweka kando yake. Je, hapa tuna nini?

"Vimwege," akajibu, anachokoa unga kwenye kucha. Hakusita hata kidogo.

Na kuna lile la kijiko. Nilimtuma aniletee, akarudi nacho, akasimama mbele ya jiko la makaa akakiangalia, akaliangalia jiko. "Hiki kikikua kitakuwa jiko?" Jibu rahisi lilikuwa kumwambia aache upuuzi, nina ugali wa kupika. Lakini jamani, alikuwa amekaribia! Kijiko ni kidogo cha kitu kweli: ni mwiko mdogo, kama kijito kilivyo mto mdogo na kijiti kilivyo mti mdogo. Nikauchukua mwiko wa ugali nikauweka ubavuni mwa kijiko, nikamwambia mama yake huyu hapa. Akavishika vyote viwili, kimoja kila mkono, na hakuniachia mwiko mpaka maji yalipochemka nikamwomba nisonge.

Nisingekuwa na subira hiyo kama si yaliyompata mkubwa wake. Leo ana miaka minane. Alipokuwa na minne tulikuwa na wageni, tunakula wali, punje moja ikamdondokea sakafuni. Akaita, "Mama, mwali ameanguka!" Mtu mmoja, watu wengi, mwali mmoja, wali wengi. Hesabu yake ilikuwa safi. Lakini kwa watu wazima mwali ni msichana aliyevunja ungo, na mezani pakalipuka. Mmoja akainama kumtafuta mwali chini ya meza. Wakamtaka arudie, akarudia. Mwingine akatoa simu amrekodi, hebu sema tena. Safari ya tatu alikuwa anatafuna ukosi wa shati na sauti haitoki.

Mimi nilikuwepo. Nilicheka pia. Kwa miezi mingi baada ya siku ile, mgeni akiingia, huyu mtoto anakula kimya, na akitaka maji ananinong'oneza sikioni.

Ndiyo maana sasa nasema wazi, hata mbele ya mawifi zangu: mtoto akiuliza, mjibu kwanza. Kicheko kitakusubiri. Usimwambie "sema vizuri" kabla hujalipokea alilokuletea. Neno sahihi utamrudishia ndani ya jibu, "ndiyo, punje ya wali imeanguka, tuiokote," naye atalichukua. Usimtake arudie mbele ya wageni kama kinanda. Na video ya namna ile haina haja ya kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Mimi naandika kwenye daftari lililo juu ya kabati la vyombo. Haya ya mwali nimeyatoa humo, na mwenyewe alitaka nimsomee kwanza ndipo akakubali.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Baba yao ni Mjaluo wa hapahapa Kisumu, na mama yake, ambaye watoto humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, anaishi nasi. Usiku ule wa Dunga mdogo alimpelekea Dani kesi yake yote: masikio, mgongo, boko ambalo halikutokea. Dani alimsikiliza mpaka mwisho, mkono gotini, hakutabasamu.

"Nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu, "kiboko sisi tunamwita rao."

"Rao," akarudia polepole. Akanigeukia, uso umefunguka. "Mama, tulichokiona ni kiboko. Wa Dani ndiye mkubwa."