Nafasi ipi unayotaka iongezwe?

"Dada, hapo ongeza nafasi kidogo." Agizo hili husikika kutwa kwenye steshenari za Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, na mara nyingi huishia kwenye mzozo, kwa sababu mteja na mchapaji wanatumia neno moja huku kila mmoja akiwa na lake kichwani. Mteja anataka mistari iachane, mchapaji anagonga Enter. Mteja anataka anwani isogee kulia, mchapaji anashikilia kitufe cha spesi mpaka kielekezi kifike anapopataka. Karatasi ikitoka, hakuna aliyeridhika, na wino umeshalika.

Maoni yangu ni haya: kitufe cha spesi kina kazi moja tu, kutenganisha neno na neno, tena kwa kugongwa mara moja. Nafasi nyingine zote zina mahali pake pa kupangiwa, na anayekula kwa kuchapa anapaswa kuzitofautisha kama fundi cherehani anavyotofautisha pindo na mshono.

Tuanze na iliyo ndogo. Katika uchapaji wa herufi za risasi, ule ulioanza na Gutenberg huko Mainz katika karne ya 15, nafasi haikuwa utupu. Ilikuwa kipande cha madini kama herufi yenyewe, ila kimo chake kifupi ili wino usikifikie. Kipimo mama kilikuwa kipande cha mraba: kwenye herufi za pointi 12, upana wake nao pointi 12. Ukikigawa kwa tatu unapata nafasi ya pointi 4, kwa nne pointi 3, kwa tano pointi 2.4, na mpangaji herufi alichagua kipi kikae kati ya maneno. Kompyuta imerithi hesabu hiyohiyo. Inchi moja ni pointi 72. Spesi ya Times New Roman ni robo ya ukubwa wa herufi, kwa hiyo ukiandika kwa 12 kila unapogonga unasogea pointi 3, yaani milimita moja na kidogo. Spesi ya Arial ni pana zaidi, kama pointi 3.3.

Sasa chukua orodha ya wanachama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa: jina upande huu, kiasi cha hisa upande ule. Ukipanga safu ya fedha kwa spesi, haitanyooka hata ukae mpaka jioni. Herufi "i" ni nyembamba na "m" ni pana, kwa hiyo kila jina linaishia pointi yake, na wewe unaweza kusogea kwa hatua za pointi 3 tu. Tarakimu zitayumba huku na huku. Halafu faili linatumwa WhatsApp, linafunguliwa kwenye simu isiyo na Times New Roman, simu inaweka herufi ya kwake. Mstari uliokuwa na spesi 40 ulikuwa umesogea pointi 120. Kwa upana wa Arial sasa ni 133. Mstari wa jirani ulikuwa na spesi 12 tu, huo umeongezeka pointi 4 tu. Mweka hazina anaanza kuulizwa kwa nini hisa za fulani zimekaa kwenye safu ya faini.

Dawa ni tabo, yaani kituo unachokiweka kwenye rula ili maandishi yasimame hapo. Kushoto kabisa mwa rula ya programu ya Word kuna kikasha kidogo. Kibofye mpaka itokee alama ya tabo ya kulia, kisha bofya kwenye rula pale unapotaka tarakimu ziishie. Andika jina, gonga Tab mara moja, andika kiasi. Mamoja yatakaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Zile nukta za "Jina…………Sahihi…………" nazo zisigongwe kwa kidole. Bofya mara mbili alama ya tabo uliyoweka kwenye rula, dirisha litafunguka, chagua namba 2 upate vinukta au namba 4 upate mstari, thibitisha. Kila mstari utaishia mahali pamoja, urefu wa jina uwe wowote.

Anwani ya mwandishi kwenye barua ya kuomba kazi ni kesi ya namna hiyo. A4 ina upana wa milimita 210, na pambizo za kawaida ni sentimita 2.54 kila upande, hivyo unabaki na karibu sentimita 16 za kuandikia. Chagua mistari ya anwani, buruta kialama cha kushoto cha rula hadi sentimita 10. Zinabaki 6 za anwani, zinatosha, na mistari yote inaanzia pamoja. Wengine husukuma maandishi yote ukutani kulia, kila mstari ukaanzia pake. Mimi naona inachukiza, lakini si kosa la kufa.

Kuna spesi nyingine isiyofahamika sana ambayo ingeokoa barua nyingi: spesi isiyokatika. "S.L.P." inabaki mwisho wa mstari, namba ya sanduku inaangukia mwanzo wa mstari unaofuata. Au "Sh." huku, kiasi kule. Badala ya spesi ya kawaida, bonyeza Ctrl+Shift na spesi kwa pamoja. Vitu viwili vitashikana na kuhama pamoja.

Nafasi kati ya mistari ndiyo inayogusa mfuko, maana steshenari hutoza kwa ukurasa. Times New Roman ya pointi 12 kwa singo inachukua pointi 13.8 hivi kila mstari. Kwa moja na nusu ni 20.7, kwa dabo 27.6. Ukitoa pambizo za juu na chini, A4 inabaki na pointi 698 za kuandikia. Gawanya: mistari 50 kwa singo, 33 kwa moja na nusu, 25 kwa dabo. Maandishi ya mistari 100 yanaingia kurasa 2 kwa singo. Kwa dabo ni 4. Kwa moja na nusu ni 3 na mstari mmoja unaovuka, kwa hiyo nazo ni 4! Mteja anayeomba moja na nusu "ili zisiwe nyingi" halipi pungufu hata shilingi, mpaka mchapaji mwenye huruma apunguze pambizo ya chini. Vifupi vyake ni Ctrl+1 kwa singo, Ctrl+5 kwa moja na nusu, Ctrl+2 kwa dabo. Chagua maandishi kwanza.

Hii huchanganywa na nafasi kati ya aya. Word za miaka hii huongeza zenyewe pointi 8 kila unapogonga Enter. Mchapaji anayegonga Enter kila mwisho wa mstari, mazoea ya taipureta hayo, anashangaa kwa nini mistari imeachana hata akiweka singo. Uache mstari ujikate wenyewe. Ukitaka kushuka bila kuanzisha aya mpya, kama kwenye anwani, gonga Shift+Enter. Ukitaka kuanza ukurasa mpya, gonga Ctrl+Enter, si Enter ishirini, maana sentensi moja ikiongezwa juu, kichwa cha habari kinatelemka katikati ya ukurasa. Ili uone uharibifu wote uliofichika, bonyeza Ctrl+Shift+8: kila spesi inaonekana nukta, kila Enter inaonekana alama ya aya. Kwenye faili ulilopokea kwa mtu, fanya hivyo kabla ya kukubali bei ya "marekebisho madogo".

Kwenye kunyoosha pande mbili, kule wanakoita jastifai, wengi watanipinga. Ofisi nyingi huona waraka usionyooshwa kulia haujakamilika. Lakini kompyuta inanyoosha kwa kuzivuta spesi, na Kiswahili kina maneno marefu. Kwenye safu ya sentimita 6, kwa herufi za 12, zinaingia herufi kama thelathini tu. "Yaliyokubaliwa" ni herufi 14, "waliohudhuria" 13. Neno la namna hiyo likikosa nafasi linaruka mstari zima zima, na maneno mawili matatu yaliyobaki yanatanuliwa kujaza pengo. Ukitazama ukurasa kwa mbali unaona michirizi myeupe ikiteremka. Kwenye vijarida vya parokia na vipeperushi vya kukunja mara tatu, acha kunyoosha kulia. Ukilazimika, kata maneno kwa mkono kwa Ctrl na kistari. Hicho ni kistari laini, hakionekani mpaka neno lifike ukingoni. Silabi zetu huishia kwenye irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: yaliyo-kubaliwa, walio-hudhuria. Usitenganishe mb, nd, nj wala ny: ni nyu-mba, si nyum-ba. Na ng' haikatwi kamwe. "Ng'ambo" ya Tabora ibaki na ritifaa yake palepale.

Hapa Kigoma tuna jambo ambalo mikoa mingine hailioni sana. Waliosomea Burundi au Kongo huandika "Yah :" na "Kwa nini ?" wakiweka spesi kabla ya alama. Si uzembe, ndiyo kanuni ya Kifaransa: nafasi isiyokatika kabla ya nukta pacha, nukta mkato, alama ya mshangao na ya kuuliza. Kwa Kiswahili alama inashikana na neno, spesi inafuata baada yake. Wakati mwingine hata mwandishi hana hatia, kwa kuwa Word ikiwekwa lugha ya Kifaransa huongeza nafasi hiyo yenyewe. Chagua waraka wote, badili lugha iwe Kiswahili, kisha kwa Ctrl+H tafuta spesi na nukta pacha, badilisha na nukta pacha peke yake. Rudia kwa alama nyingine. Ukiwa hapohapo ondoa spesi mbili mbili: tafuta spesi mbili, weka moja, rudia mpaka Word iseme hakuna iliyobadilishwa.

Pambizo sitazisema sana. Ripoti ya kutiwa spairo iachiwe sentimita 3.5 hadi 4 kushoto, kwa sababu matundu yanakula kama sentimita moja na mkunjo unakula nyingine. Ikiwa ni ya kuchapwa pande mbili, weka pambizo za kioo (Mirror Margins), la sivyo kwenye ukurasa wa nyuma nafasi pana itaangukia upande usiotobolewa.

Inabaki nafasi kati ya herufi na herufi. Wapo wanaotaka kichwa kipanuke, wanaandika K I G O M A kwa spesi. Atakayetafuta "KIGOMA" kwenye PDF hiyo hatalipata, kwa sababu kwa kompyuta hizo ni herufi sita zisizohusiana. Andika neno zima, bonyeza Ctrl+D, nenda ukurasa wa pili wa dirisha, panua nafasi ya herufi kwa pointi 2. Palepale kuna kisanduku cha kusogeza jozi za herufi (Kerning). Kitie tiki, andika 14, ili vichwa vyote kuanzia pointi 14 vihusike.

Kazi ya kisanduku hicho utaielewa ukitazama TABORA kwa herufi kubwa kwenye bango. Mkono wa T unatoka nje, mlima wa A unarudi ndani, chini ya T pakabaki uwazi mkubwa kuliko ule wa kati ya B na O. Kwa mbali unasoma T ABORA. VYAMA na WATU zina ugonjwa huohuo. KIGOMA imepona, maana haina jozi ya mteremko. Kwenye karatasi hauonekani sana, kwenye bango la flexi la mita 3 unapiga kelele. Mwenye CorelDRAW achukue zana ya umbo kwa F10. Chini ya kila herufi kutatokea kikasha kidogo. Ashike cha A, aivute kuelekea T mpaka uwazi wake ulingane na ule wa A na B, kisha azisogeze herufi zinazofuata kwa kiasi hichohicho, akiangalia zisipande wala kushuka. Alinganishe kwa jicho, si kwa rula, na amwonyeshe mteja kabla ya kutuma, maana flexi ikishatoka kwenye mashine hairekebishwi, inalipiwa upya.