Spidi ya kadi: kinachoogopwa sicho kinachoua data

Kuna ubishi hauishi kwa watu wanaotumia kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, nao ni huu wa kuchezea draiva, yaani programu inayoongoza kifaa, ili kadi ya memori iandike haraka. Wa upande mmoja wanasema kadi imebanwa tu na mipangilio ya woga, legeza uone. Wa upande mwingine wanasema ukigusa umejitakia, data ikipotea usilie. Mimi nimeshakaa pande zote mbili, na siku hizi naona wote wanagombania kitu ambacho sicho.

Tuanze na ovakloki, yaani kupandisha kloku (mapigo yanayopanga mwendo wa data) kupita kiwango chake, maana ndo inayotisha watu zaidi. Raspberry Pi 3 inaongea na kadi kwa megahezi 50 kupitia nyaya nne za data, kila pigo linabeba biti nne, piga hesabu unapata megabaiti 25 kwa sekunde na hapo ndo mwisho, hata ununue kadi iliyoandikwa 100 kwenye pakiti. Ukiweka dtparam=sd_overclock=100 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya kuwashia mashine, kloku inapanda hadi megahezi 100 na ule mwisho unasogea hadi megabaiti 50. Mstari mmoja tu. Wanaopinga wana hoja, kadi inayotumia volti 3.3 haikutengenezwa kwa mwendo huo na kila kadi ina tabia yake. Ila wanachosahau ni kwamba kila bloku inayopita kwenye zile nyaya inaenda na CRC yake, yaani namba ya kuhakiki, ikiharibika njiani inajulikana na inatumwa tena, halafu draiva ya kadi, sdhost, ikiona makosa inashusha kloku yenyewe na kukuandikia kwenye dmesg, logi ya mfumo, kwamba imeshusha. Sio kinga ya kila kitu, kadi nyingine inagoma kabisa mashine isiwake, lakini kuharibu data kimyakimya kwa njia hii ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Sasa je, inasaidia? Hapa ndo washabiki nao wanateleza. Ukinakili video ndefu, sawa, tofauti utaiona. Lakini hizi mashine nyingi hazishindi zikinakili video, zinaandika vipande vya kilobaiti 4 huku na kule, logi, databesi, vifaili vya muda. Chukua kadi yenye alama ya A1, daraja la kadi za kuendeshea programu, hiyo inatakiwa kumudu angalau maandiko 500 ya namna hiyo kwa sekunde, yaani kila moja inakula milisekunde 2. Na kilobaiti 4 kupita kwenye nyaya kwa ule mwendo wa kawaida ni kama milisekunde 0.16. Kwa hiyo ukizidisha kloku mara mbili umeokoa 0.08 kati ya 2, asilimia 4 hivi, na mtu anakaa usiku kucha anatafuta kadi itakayovumilia megahezi 100! Muda wote uliobaki kadi iko bize ndani yake, inahamisha data na kufuta mabloku makubwa ili ipate pa kuandika, na huko kloku yako haifiki.

Panapolipa kweli ni kwenye foleni. Alama ya A2 inataka maandiko 2000 kwa sekunde, mara nne ya A1, ila kipimo hicho kinafanywa foleni ya amri ikiwa imewashwa, kadi inapewa kazi hadi 32 kwa mpigo na kujipangia ipi ianze, pamoja na keshi yake ya ndani. Draiva isipojua kuongea hiyo lugha, A2 yako ni mapambo tu kwenye stika. Ndo maana kwa muda mrefu watu walilipia A2 wakaona haina jipya. Diski ya USB ni hadithi ileile, draiva ya zamani ya usb-storage inatuma amri moja inasubiri jibu, UAS, draiva mpya zaidi, inatuma nyingi pamoja. Shida ni kwamba vile vichipu vya kuunganisha diski na USB vingine vinadai vinajua UAS halafu vinaganda katikati ya kazi, na hapo inabidi urudi kwenye mwendo wa konokono kwa mpangilio wa usb-storage.quirks na herufi u, unaozima UAS. Kwa hiyo wale waoga wana haki hapa, ila kosa ni la kichipu, sio la wazo.

Halafu kuna ile spidi ya kukopa. Niliwahi kupima kwa dd, amri ya Linux ya kunakili data, nikapata megabaiti zaidi ya 200 kwa sekunde kwenye njia isiyoweza kupitisha zaidi ya 25, nikafurahi dakika nzima kabla sijashtuka kwamba nimepima RAM. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapokea data, inakwambia tayari, inaandika baadaye. Weka conv=fsync, yaani dd isubiri hadi data ifike kwenye kadi kweli, uone ukweli unavyouma. Na watu wanaongeza deni hilo makusudi, commit ya ext4, yaani muda ambao mfumo wa faili unakaa na data kabla ya kuiandika, inatolewa sekunde 5 inapelekwa 120, barrier=0 inawekwa ili mfumo wa faili usisubiri kadi ikiri kwamba imeshaandika. Hii haitishi mtu kwa sababu haina neno ovakloki, vipimo vinapendeza na hakuna mstari mwekundu popote.

Mimi ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa na kimashine kinarekodi joto kila sekunde, ovakloki imekaa muda mrefu bila neno, umeme ukakatika mara moja tu na databesi ikakataa kufunguka. Hakuna CRC inayokulinda hapo, kadi haikukosea chochote, iliandika ilichoambiwa kwa mpangilio ilioutaka yenyewe.

Sisemi hayo mambo hayana kazi. Kama mashine inakusanya programu tu na kila kitu kipo kwingine, zima barrier ujinafasi, ikifa unaandika kadi upya. Au una betri ya akiba inayoipa mashine muda wa kujizima vizuri, hapo pia naelewa.

Kwangu niliacha ovakloki ilivyo, barrier zikarudi, commit ikarudi 5. Kisha nikafanya kitu ambacho hakihusiani na draiva kabisa: badala ya kuandika kipimo kimoja kimoja kwenye SQLite, ndiyo databesi yangu, kila kimoja na fsync zake, navikusanya 60 na kuviandika ndani ya transaksheni moja, yaani kwa mkupuo. Umeme ukienda napoteza dakika moja ya joto la chumba, na kadi inapumua.